Uzi Usiozaa

Panya alikuwa amejikunyata pembeni mwa kizimba, mgongo umempinda kama mundu, na katika manyoya yake meusi mvi zilikuwa zimetapakaa mithili ya majivu. Wenzake walimpuuza. Walipotaka maji walimkanyaga wakapita, naye hakujisumbua hata kugeuza kichwa.

"Mwangalie babu yetu, madamu," alisema Lavanya, mwanafunzi wa shahada ya uzamivu aliyekuwa akisimamiwa na mtafiti Nuzhat. "Juzi nimemwona anajaribu kupanda gurudumu, akateleza, akakaa chini kuhema. Nikamwambia, mzee, umekula chumvi nyingi, tulia."

Nuzhat Quadri hakucheka. Aliinamisha uso hadi miwani yake ikagusa ukuta wa kizimba.

"Ana umri gani?"

"Hapo ndipo penye kizungumkuti. Bado kijana. Amezaliwa tumbo moja na wale kule."

Katika kizimba cha jirani, panya weusi kama wanja walikuwa wakikimbizana, wakipandana, wakitafuna karatasi za matandiko yao kwa raha zao. Hao hawakuwahi kupewa dawa. Huyu mwenye mvi alikuwa akidungwa tangu alipoachishwa ziwa.

"Walio hivi ni wangapi?" aliuliza Nuzhat.

Msichana akaacha mzaha. "Wote, madamu. Wote tuliowadunga. Huyu ametangulia tu."

Nuzhat alinyoosha mgongo. Alitaka kusema jambo la kitaalamu, jambo la kumtuma Lavanya kabatini au kwenye kompyuta, lakini kilichomjia ni picha ya uso wa dada yake, na akaifukuza upesi kama mtu anayefukuza inzi juu ya chakula cha mgeni.

Ujana wake wote aliumalizia kwenye uzi mmoja. Ndani ya kiini cha seli, jeni hunakiliwa kuwa nyuzi za RNA, na zile zinazojulikana zaidi hupeleka maagizo, na kwa maagizo hayo seli hutengeneza protini. Lakini zipo nyuzi nyingine, ndefu, zisizobeba agizo lolote la aina hiyo. Hazizai protini. Nuzhat alipoanza masomo, baadhi ya walimu wake waliziita takataka, kama vipande vya nguo vinavyofagiwa jioni chini ya cherehani. Yeye alivutwa na mmojawapo, akaung'ang'ania mpaka wenzake wakamtania kwamba ameolewa nao, na kwamba ndoa hiyo haitapata mtoto.

Alichokuja kukigundua hakikuwa kigumu kukieleza. Ndani ya seli mna protini fulani korofi ambazo, zikiachwa huru, huharibu maagizo ya kugawanya kromosomu sawasawa wakati seli inapojigawa. Uzi ule huzikamata protini hizo na kuzizuia. Hautengenezi kitu chochote, unashikilia tu. Nuzhat aliubatiza Khala, mama mdogo, akiwafikiria wanawake wa makamo ambao katika kila harusi ya mji wa kale wa Hyderabad huketi karibu na masufuria bila kupika wala kupakua, na wageni hudhani wamekuja kula tu, mpaka wainuke kwenda kuswali na mtoto wa mtu atumbukie kwenye mchuzi.

Seli za saratani ya ini, kwa kuwa hujigawa kwa pupa, zilimhitaji Khala kuliko seli nyingine zote. Aliponyamazishwa, zilivuruga kromosomu zake zikafa. Hapo ndipo ilipozaliwa dawa. Dawa ikaleta kampuni, kampuni ikaleta hospitali, na hospitali ikaleta wagonjwa ambao jamaa zao walikuwa wameshaambiwa wawarudishe nyumbani. Mmoja wao alikuwa Tahniyat, dada yake Nuzhat, mjane aliyemlea tangu mama yao alipofariki. Alipelekwa hospitali akiwa amebebwa mgongoni na mpwa wake. Sasa ulikuwa umepita karibu mwaka, na uvimbe wake ulikuwa umenywea mpaka daktari wa picha alilazimika kuutafuta.

Katika majaribio ya mwanzo panya wagonjwa walipona, na panya wazima hawakuonyesha dalili mbaya. Waliuawa, wakapasuliwa, maini yao yakaonekana safi, na Nuzhat mwenyewe alisimama mbele ya wataalamu akasema hivyo. Hakuna aliyewaacha panya wazima waishi na dawa kwa muda mrefu zaidi. Kundi hili lilibaki hai kwa sababu moja tu: Lavanya alitaka kujua kama dawa inagusa uzazi.

Asubuhi iliyofuata Nuzhat aliliweka ini la yule panya chini ya hadubini. Viini vya seli, vilivyopaswa kuwa laini na duara kama zabibu, vilikuwa vimejikunja na kuota vinundu. Ndani ya vingine kromosomu zilizidi, ndani ya vingine zilipungua, na baadhi zilikuwa zimeachwa nje kabisa, vijipande vya buluu vinavyong'aa peke yao kama watu waliofungiwa mlango. Akabadilisha kioo. Akabadilisha tena. Kila alipotazama aliona hali ile ile: seli zilizo hai, zinazoendelea na kazi, na zilizochakaa kabla ya wakati wake.

Kumbe Khala alikuwa akizilinda seli zote. Seli za saratani, kwa haraka yake, ziliona pengo lake mapema. Seli zenye afya zilichukua muda zaidi.

Profesa Sitaramayya, aliyekuwa mwalimu wa Nuzhat na sasa ndiye mkuu wa mradi, alimsikiliza akiwa amefumba macho, kikombe cha chuma cha kahawa kimekaa juu ya tumbo lake. Nuzhat alipomaliza alidhani mzee amesinzia.

"Panya," alisema hatimaye.

"Ndiyo, Profesa. Panya."

"Mimi nimeponya panya wengi katika maisha yangu, binti yangu. Watu niliowaponya wanaenea kwenye chumba hiki na nafasi inabaki. Tukikubali kwamba kinachomponya panya si lazima kimponye mtu, basi tukubali pia kwamba kinachomdhuru panya si lazima kimdhuru mtu."

"Na kikimdhuru?"

Mzee alifumbua macho. "Wagonjwa wetu waliambiwa hawataiona sikukuu ya mwaka uliofuata. Leo wanalima, wananyonyesha, wanagombana na wakwe zao. Mwambie mtu kama huyo kwamba atazeeka mapema, atakubusu mikono. Kuzeeka! Si ndiyo dua aliyokuwa akiomba?"

"Lakini hajaambiwa."

"Ataambiwa tukiwa na hakika. Jumatatu kundi jipya la wagonjwa linaanza. Ukipiga kelele leo kwa ajili ya panya wenye mvi, kampuni itafunga virago na haitarudi. Watakosa dawa wote." Akaweka kikombe mezani, taratibu, asitoe sauti. "Wote, Nuzhat. Na dada yako."

Hakulisema kwa kutisha. Alilisema kwa huruma, kama mtu anayemshika mwenzake mkono penye ngazi yenye giza, na hilo ndilo lililomsisimua Nuzhat mwili. Alitoka ofisini. Njiani akihesabu hoja za mzee moja moja aliona hakuna iliyokuwa ya kijinga.

Siku hiyo ya Ijumaa alikwenda Moghalpura, mtaa wa mji wa kale. Nyumba ya Tahniyat ilikuwa ikinukia ukwaju na majani ya mchuzi yaliyokaangwa, na sebule nzima ilikuwa imekaliwa na fremu ya mbao ambayo juu yake kitambaa chekundu kilikuwa kimetandazwa, nusu kimejaa nakshi za nyuzi za dhahabu. Tahniyat alikuwa mshonaji wa mavazi ya maarusi. Hiki kilikuwa cha binti yake wa pekee, Rumana, ambaye nikaha yake ilikuwa imebakiza wiki chache.

"Umekonda," alisema Tahniyat kabla salamu hazijaisha. "Huko kwenu mnalisha panya, nyie mnakula nini?"

"Nakula, Apa." Ndivyo alivyomwita siku zote, Apa, dada mkubwa.

"Unakula maneno. Kaa hapo. Kuna bilingani za ukwaju na karanga. Lakini kwanza nitungie sindano hii, kuna shetani amekaa kwenye tundu lake."

Nuzhat aliipokea sindano. Tundu lilikuwa pana, tundu la uzi wa dhahabu, na uzi uliingia mara moja. Aliporudisha sindano alimtazama dada yake machoni, akaona katikati ya mboni ukungu mwembamba, kama kioo kilichopuliziwa pumzi. Tahniyat alikuwa na umri wa miaka arobaini na mitatu.

"Macho yamefanya nini, Apa?"

"Yamechoka kukuangalia usiyeolewa." Akacheka kicheko chake cha zamani, kile ambacho ugonjwa ulikuwa umemnyang'anya na dawa ikamrudishia. "Kazi hii, mwanangu. Nimewavisha maarusi wa nusu ya mji. Wangu atavaa ya dukani? Haya, ukinawa uje unipake hina kisogoni. Mkono wangu haufiki, na Rumana hunipaka kama fundi anayepiga lipu ukuta."

Nuzhat aliketi kwenye kigoda nyuma yake. Nywele za Tahniyat ziliporomoka mgongoni, nyekundu kama udongo wa mvua ya kwanza, na Nuzhat akazigawa kwa ncha ya kitana. Chini ya ule wekundu, kuanzia ngozini, nywele zilikuwa nyeupe. Aligawa upande wa kulia, nyeupe. Aligawa utosini, nyeupe, weupe wa pamba iliyochambuliwa.

"Tangu lini?"

"Nini?"

"Mvi hizi, Apa."

"Tangu nipone," alijibu Tahniyat kwa wepesi. "Nikasema labda ugonjwa unatoka kwa kupitia kichwani. Paka bwana, hina inakauka."

"Apa, geuka unitazame."

Alimweleza. Hakutumia maneno ya maabara; alimwambia habari za panya, habari za Khala, habari za mlinzi aliyeondolewa ili adui afe, na wenye nyumba wakabaki bila ulinzi. Tahniyat alimsikiliza bila kumkatiza, nusu ya kichwa imepakwa na nusu bado, matone ya hina yakidondoka kwenye taulo mabegani.

"Nitazeeka kwa kasi gani?"

"Sijui."

"Nikiacha dawa, uvimbe utarudi?"

"Huenda. Kwa wengi utarudi."

"Sijui, huenda." Tahniyat alitikisa kichwa. "Umesoma miaka yote hiyo uje uniletee huenda?" Kisha akauliza, kwa sauti iliyoshuka, "Na ukiwaambia wakubwa?"

"Watasimamisha dawa. Kwa kila mtu."

Darini Rumana alikuwa akizungumza na mchumba wake kwa simu. Kicheko chake kiliteremka ngazi kikawafikia pale walipokuwa. Tahniyat alikisikiliza mpaka kikaisha.

"Basi sema baada ya harusi."

"Apa, Jumatatu kuna watu wapya wanaanza..."

"Wapya siwajui. Rumana namjua." Akamshika kifundo cha mkono, na mshiko wake ulikuwa na nguvu isiyotarajiwa. "Mimi sijawahi kukuomba kitu, Nuzzu. Ulipotaka kusoma, majirani walipiga domo, nikawajibu mimi. Mchumba aliyekutaka nikamfukuza mimi, kwa sababu hukumtaka. Leo nakuomba. Niache nimwoze mwanangu nikiwa nimesimama kwa miguu yangu. Wiki chache tu. Baadaye panda juu ya minara ya Charminar upige mbiu, sitakuzuia."

Nuzhat aliinamisha kichwa kukubali. Akachovya brashi kwenye bakuli, akaendelea kupaka, unywele kwa unywele, kwa uangalifu aliokuwa akiutumia kwenye seli zake, mpaka weupe wote ukafunikwa na pasionekane kitu.

Jumamosi na Jumapili alizipitisha hana hamu hana raha. Alijiambia kwamba wiki chache si kitu kwa mwili wa mtu mzima. Alijiambia kwamba wale wapya watakuwa wamepokea dozi mbili tatu, na uvimbe wao utakuwa umepungua kidogo, kwa hiyo atakuwa amewasaidia. Maneno yalikuwa ya Profesa, na Nuzhat alishangaa kuona jinsi yalivyomkaa mdomoni bila taabu, kama kiatu cha mtu mwingine kinachokutosha.

Jumatatu alimsindikiza Tahniyat hospitali. Wodi ya jaribio ilikuwa chumba kirefu chenye viti vya kulalia, na kwenye benchi la ukutani wagonjwa wapya walikuwa wameshaketi: mwalimu wa shule aliyekumbatia mkoba wake kifuani, mkulima wa kilemba cheupe aliyekuja na mwanawe, wengine zaidi. Walikuwa na ile rangi ya manjano machoni ambayo Nuzhat aliijua. Walikuwa pia na tumaini, na hilo alishindwa kulitazama.

Muuguzi alimtundikia Tahniyat chupa ya dawa, akarekebisha matone, akahamia kiti cha pili. Hapo alikuwa ameketi Bharati, mwanamke kijana wa familia ya wakulima wa pamba kutoka upande wa Warangal, na mwanawe wa kunyonya amemkalia mapajani.

"Apa, leo umekuja na nani?" aliuliza Bharati.

"Mdogo wangu. Ndiye mwenye dawa yenyewe."

Bharati alikodoa macho. Akamweka mtoto kando, akainuka, akainama kumgusa Nuzhat miguu. Nuzhat aliruka nyuma kama aliyekanyaga kaa la moto.

"Usifanye hivyo, tafadhali."

"Niache nifanye, dada. Bila wewe huyu angelelewa na mama mkwe wangu, na yule mama, Mungu amweke, hata mbuzi humkimbia."

Benchi zima lilicheka. Mtoto, akifurahia kelele, alinyoosha mkono akavuta maua ya asumini kwenye nywele za mama yake. Maua yakaja, na mtandio ukaja nayo, na hapo ukaonekana mchirizi mweupe wa upana wa kiganja unaotoka kwenye paji kwenda nyuma. Bharati aliurudisha mtandio haraka.

"Mama mkwe anasema nimetembelewa na jini," alisema, akicheka kwa haya. "Namwambia jini ni wewe, ningekaa na nani mwingine nikaota mvi?"

Nuzhat alimgeukia dada yake. Tahniyat alikuwa akitazama matone yakishuka kwenye mrija, moja, halafu jingine. Hakuonyesha mshangao wowote. Alikuwa ameuona mchirizi ule kabla ya siku hiyo. Nuzhat alilijua hilo kwa namna shingo yake ilivyokakamaa isigeuke.

Muuguzi alifunga kamba ya mpira kwenye mkono wa Bharati. Akaupigapiga mshipa kwa vidole viwili. Mtoto alicheka kwa ile sauti, akataka arudie.

"Sista," alisema Nuzhat. "Usimdunge."

Muuguzi aliinua kichwa. "Kuna nini, daktari?"

"Usimdunge mtu yeyote."

Bharati aliutazama mkono wake uliofungwa mpira, kisha akamtazama Nuzhat. "Nimekosa nini, dada? Kama ni ile wiki niliyochelewa, gari letu liliharibika njiani, waulize..."

"Hujakosa kitu."

Alichuchumaa mbele ya kiti chake ili macho yao yalingane. Alikuwa amezungumza kwenye kumbi kubwa, mbele ya watu wenye majina, na hakuna siku ulimi wake ulikuwa mzito namna hii. Alisema kwamba dawa inaua uvimbe, na hilo ni kweli. Alisema kwamba kuna kitu kingine inakiharibu, polepole, mwili mzima, na kinachofuata ni uzee usiosubiri umri. Alisema ameuona kwa panya. "Na nadhani," alisema, "nauona kwako."

Mkono wa Bharati ulipanda kichwani, ukakaa pale juu ya mtandio.

"Na nisipodungwa?"

"Uvimbe unaweza kurudi."

Mtoto alikuwa ameipata ncha ya kamba ya mpira na anaitafuna. "Kwa hiyo," alisema Bharati, polepole, "umekuja kuniambia nichague njia ya kumwacha huyu."

Kwenye benchi yule mwalimu wa shule alisimama, akatia mkoba begani, akapiga hatua moja kuelekea mlangoni, kisha akarudi akaketi tena pale pale.

"Sista." Ilikuwa sauti ya Tahniyat, kavu. Chupa yake ilikuwa imebaki nusu. "Yangu isiguswe. Acha iishe."

Kufikia alasiri jaribio lilikuwa limesimamishwa. Nuzhat alizungumza na daktari wa zamu, kisha na kamati ya maadili, akawaonyesha picha za viini na kuwapeleka wenyewe wakawaone panya. Profesa Sitaramayya alimpigia simu mara moja tu. "Natumaini una hakika," alisema, akakata. Hakuwa na hakika. Alikuwa na panya wenye mvi na vichwa viwili vya wanawake, basi.

Siku zilizofuata zilikuwa mbaya kwa namna asiyoitarajia. Alidhani atachukiwa na kampuni. Kampuni ilifungasha kimya kimya na kuondoka. Waliomchukia ni jamaa za wagonjwa. Mtoto wa yule mkulima mwenye kilemba alimngoja kwenye lango la taasisi, akamvulia kandambili kama anayetaka kumpiga, mbele ya walinzi, akasema, "Baba yangu hakukuuliza habari za mvi!" Madaktari walipowachunguza wale waliokuwa wametumia dawa tangu mwanzo, waliukuta uzee kwa karibu kila mmoja, kwa huyu mifupani, kwa yule machoni. Watu wakaanza kumwambia Nuzhat kwamba alifanya vyema. Kila alipoambiwa hivyo alimkumbuka mkulima, ambaye habari zilikuja kwamba amezikwa.

Lavanya aliwatunza panya waliobaki. Hakuwatania tena.

Tahniyat hakupokea simu zake. Kadi ya harusi ililetwa na dereva wa riksho, jina la Nuzhat limeandikwa kwa mwandiko wa Rumana. Alikwenda, akaketi viti vya nyuma upande wa wanawake, kama mgeni wa mbali. Bibi harusi alipoingizwa, nguo ile nyekundu iliwafanya watu wavute pumzi. Na nyuma yake, wima, akiwa ameshika pindo la nguo hiyo, alikuja Tahniyat. Hakuwa amepaka hina. Chini ya mtandio wa zari nywele zake zilikuwa nyeupe zote.

"Yule ni bibi wa bibi harusi?" aliuliza mama mmoja wa upande wa bwana harusi, kwa sauti ya mtu asiyejua kunong'ona. "Mashallah, bado ana nguvu."

Tahniyat alisikia. Aligeuka, akatabasamu. "Ndiyo, mwanangu," alisema. "Nimetoka mbali, lakini nimefika."

Kisha macho yake yenye ukungu yalipita juu ya vichwa vya watu, yakatafuta, yakatua kwa Nuzhat, yakakaa. Nuzhat hakuweza kusoma kilichokuwamo. Baadaye msichana asiyemjua alimletea sahani ya biriani, mfupa wenye uboho umewekwa juu, ule ambao yeye na dada yake waligombania tangu utotoni. Hakusema umetoka kwa nani.

Mvua zilikuwa zimeanza simu ilipolia.

"Jumatano nina kipimo cha uvimbe," alisema Tahniyat, bila salamu. "Rumana yuko kwa mumewe. Njoo wewe."

Waliketi kwenye korido wakisubiri zamu, mabega yakigusana kwa kuwa benchi lilikuwa jembamba. Tahniyat alipoitwa aliambiwa avue kila kitu cha chuma. Akatoa hereni, akatoa kipini cha pua, akavitia kwenye kiganja cha Nuzhat kimoja kimoja. Pete ilikataa, viungo vya vidole vilikuwa vimevimba. Nuzhat alimlowesha kidole kwa maji ya chupa, akaizungusha, akaizungusha, mpaka ikatoka.

"Nuzzu."

"Naam, Apa."

"Yule binti wa Warangal. Una habari zake?"

"Simu yake haipokelewi."

"Endelea kumpigia," alisema. Akasimama kwa kushika ukuta, akajikusanya, akaingia, na mlango mzito ukafungwa nyuma yake.

Nuzhat alibaki na vito mkononi, bado vina joto. Kupitia mlango aliisikia mashine ikiamka, halafu ile sauti ya mwanamke iliyorekodiwa, tulivu, isiyomjua mtu.

"Vuta pumzi," ilisema. "Izuie."

Alijikuta ameizuia yake. Ndani, mashine ilizunguka kwa kasi zaidi, ikazidi. Kifua kilianza kumbana. Alikodolea macho mlango, vidole vimefumba juu ya pete ya dada yake, akisubiri ile sauti iseme neno linalofuata.